Fundi wa Mtwara kwenye kituo cha utafiti cha Aktiki: hatua kwa hatua

Mtu wa Mtwara akisema anaenda kwenye baridi, tunadhani anapanda Newala. Mwezi wa saba kule juu ukungu unalala barabarani mpaka saa tatu asubuhi, na mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa. Mimi nilikwenda mbali zaidi kidogo, karibu nyuzi 79 kaskazini ya ikweta, kwenye kijiji cha watafiti kinachoitwa Ny-Ålesund, visiwa vya Svalbard, Norwei. Sikwenda kupima barafu. Nilikwenda kubadilisha koki na kushika spana, msimu mmoja wa kiangazi, nikarudi Mikindani minada ya korosho inaanza.

Tangu nirudi sinywi chai kwa amani. Kijana akinikuta barazani ananiamkia, anakaa, halafu linakuja lile swali: "Sasa mjomba, na mimi nafikaje?" Nimeamua niandike mara moja, atakayekuja nimpe karatasi.

1. Chagua ncha, maana ziko mbili

Wengi wanataka ile ya kusini, Antaktika, kwa kuwa ndiyo waliyoiona kwenye video. Nakueleza mapema usije ukapoteza mwaka. Antaktika haina mwenyewe. Inaendeshwa kwa mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, na kutoka Afrika ilikuwemo Afrika Kusini tu. Kila nchi yenye kituo hupeleka watu wake. Kituo kikubwa kuliko vyote ni McMurdo cha Marekani. Kiangazi, yaani Oktoba hadi Februari, hukaa humo watu wapatao elfu moja, na sehemu kubwa yao hawajawahi kushika darubini: ni wapishi, mafundi umeme, madereva wa mitambo, wasafishaji na watunza bohari. Lakini kazi hizo huenda kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu kule. Waingereza nao, wenye vituo kama Rothera na Halley, hutafuta mafundi bomba na maseremala, ila utaulizwa haki ya kufanya kazi Uingereza. Afrika Kusini ina kituo cha SANAE IV, na meli yao, S.A. Agulhas II, inang'oa nanga Cape Town. Kwa ramani ndio majirani zetu, kwa ajira wanaanza na wa kwao. Tanzania haina kituo.

Kama umeing'ang'ania Antaktika, njia iliyobaki ni ya baharini. Zipo meli za watalii zinazotoka Ushuaia, Ajentina, zikiwa na wafanyakazi wa mataifa mbalimbali. Hapo unahitaji mafunzo ya usalama ya mabaharia, yale ya Chuo cha Bahari Dar es Salaam, pamoja na kitabu cha ubaharia. Hiyo ni safari nyingine na ina mwongozo wake.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, geuza uso kaskazini. Visiwa vya Svalbard viko chini ya Norwei kwa mkataba wa Paris wa mwaka 1920, ulioanza kutumika 1925. Norwei ndiyo inayotawala, lakini sheria yake ya uhamiaji haifiki huko. Huhitaji viza ya kukaa wala kibali cha kufanya kazi, uwe umetoka Oslo, Bangkok au Tandahimba. Ndiyo maana katika mji wao mkuu, Longyearbyen, wenye watu wapatao 2,500, utawakuta Wathailand na Wafilipino wengi, na hakuna anayewauliza karatasi za ukaazi.

Ila usiende kubahatisha. Hakuna msaada wa serikali kwa asiye na kazi, nyumba ni za shida, na Gavana wa Svalbard ana mamlaka ya kumrudisha mtu asiyeweza kujilisha na kujilaza. Kwa hiyo kazi kwanza, tiketi baadaye. Nimemwona mtu aliyefanya kinyume. Alikaa siku chache tu, na akiba yake yote iliishia kwenye kitanda cha hosteli.

2. Jua wanachokihitaji

Ny-Ålesund kilikuwa kijiji cha mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka 1962 ulitokea mlipuko ulioua wachimbaji 21, mwaka uliofuata mgodi ukafungwa, nyumba zikabaki tupu, wanasayansi wakaingia. Leo Wajerumani na Wafaransa wana kituo cha pamoja pale, Wachina wana chao, na Wahindi, Wakorea, Waingereza, Wajapani, Waitalia na Wanorwei wenyewe vilevile. Lakini si kila taifa lina jiko lake na jenereta lake. Kampuni moja ya serikali ya Norwei, Kings Bay, ndiyo inayopika, inayozalisha umeme, inayoleta maji, inayotunza nyumba, gati na uwanja wa ndege. Daktari wa sayansi kutoka Beijing na fundi bomba kutoka Mikindani wanapanga foleni moja ya supu.

Maana yake ni kwamba kinachokupeleka kule ni mkono wako. Mpishi, fundi umeme, fundi bomba, fundi wa jenereta na mitambo ya dizeli, seremala, msafishaji, mhudumu wa jikoni, fundi friji. Huyu wa mwisho watu wanamcheka: barafu yote ile, friji ya nini? Lakini mtambo wa kupashia nyumba joto unaweza kuwa friji iliyogeuzwa kinyumenyume, na chakula cha watu zaidi ya mia moja hukiachi nje ili mbweha waje kukagua.

Waliopita VETA, iwe Mtwara au Lindi, wana mwanzo mzuri. Waliofanya kazi kwenye miradi ya gesi, Madimba au Songo Songo, wana mzuri zaidi, kwa sababu wameshazoea kufanya kazi kwa kibali, kuvaa kofia ngumu na kuandika taarifa ya ajali hata kama ni ya kidole. Wazungu wa kule wanalipenda hilo kuliko cheti.

Kwenye wasifu wako usiandike tu "fundi bomba, uzoefu miaka saba". Andika umefunga mabomba ya aina gani, ya kipenyo gani, kwenye jengo la ghorofa ngapi, ulisimamia watu wangapi. Daraja la cheti cha VETA lieleze kwa sentensi moja, maana hawalijui. Toa tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kiingereza cha kazini unakihitaji, si cha kutunga mashairi, ila uelewe mtu akisema "funga hiyo valvu sasa hivi" kwa sauti ya juu. Ukijifunza salamu na maneno mia mbili ya Kinorwe, barua yako inasomwa mara mbili.

3. Omba mapema, na usimlipe mtu

Matangazo yako kwenye tovuti za waajiri wenyewe na kwenye tovuti ya ajira ya serikali ya Norwei. Mimi niliomba Januari kwa kazi ya Juni. Niliomba sehemu tisa, saba hawakujibu, moja wakakataa kwa adabu, moja wakaniita kwa video.

Hapo kwenye video nilitaka kujiharibia. Waliandika saa 10. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, wao kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 10 yao ni saa nne asubuhi. Halafu kuna tofauti ya majira: miezi ya baridi yao wako nyuma yetu saa mbili, miezi ya kiangazi saa moja. Saa nne yao ya Januari ni saa sita mchana wetu. Mimi nilishajiandaa kwa saa kumi jioni! Aliyeniokoa ni dada mmoja wa hotelini Shangani niliyemwomba aisome ile barua. Siku hiyo kaa mahali penye jenereta, usitegemee umeme wa gridi, na chaji simu usiku uliotangulia.

Sasa jambo la fedha. Kabla ya hapo nilishaliwa. Wakala mmoja jijini aliniambia ana "nafasi za Antaktika", mshahara wa dola, ila kuna ada ya usajili na ada ya vipimo. Nikatoa pesa ya magunia mawili ya korosho. Simu yake ikapokelewa wiki mbili, halafu ikawa haipatikani. Mwajiri wa kweli wa kituo cha utafiti hakutozi ada ya kukuajiri. Akikutumia mkataba, angalia anuani ya barua pepe inafanana na ya tovuti ya kampuni, kisha uwapelekee TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, wauangalie. Akikuambia "nafasi imebaki moja, tuma leo", basi hiyo nafasi mwachie.

Kwenye mkataba tafuta majibu ya maswali haya kabla hujatia saini: nauli ni ya nani, kwenda na kurudi? Chumba na chakula vinakatwa kwenye mshahara? Nguo za kazi wanatoa? Nikiugua nikasafirishwa kwa ndege, nani analipa? Kodi ya Svalbard ni ndogo kuliko ya Norwei bara, hilo ni zuri, lakini chumba kikikatwa kwa bei yao mshahara unayeyuka.

4. Karatasi

Pasipoti ni shilingi 150,000, unaombea mtandaoni na kukamilisha ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Kinachowakwamisha watu wa huku si pesa. Unatakiwa kuwa na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha mzazi. Mama yangu kazaliwa kijijini, cheti cha kuzaliwa hajawahi kukiona. Ukiwa hivyo, unakula kiapo mahakamani, na hilo lifanye mwezi mzima kabla. Halafu angalia jina. NIDA wameandika Hamisi, cheti cha VETA Khamis, cheti cha shule Hamis. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa wa ubalozi hao ni watu watatu, na wawili wanatafutwa.

Cheti cha tabia njema kinatolewa na polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Waajiri wengi wanakitaka.

Kisha viza, na hapa ndipo penye kizingiti. Nimesema Svalbard haitaki viza, lakini ndege za kwenda huko zinatoka Oslo na Tromsø, na Norwei bara imo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Svalbard yenyewe iko nje ya eneo hilo. Ukipanda ndege kwenda Longyearbyen umetoka Schengen, ukirudi umeingia tena. Kwa hiyo omba viza ya kuingia mara mbili. Ukipewa ya mara moja utafika vizuri sana, kisha utashindwa kurudi nyumbani. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15. Angalia pia tarehe: viza yako iwe bado hai siku ya kurudi, si siku ya kwenda tu. Mkataba ukiwa mrefu, ongea na ubalozi mapema kuhusu viza ya kurudia. Ambatisha mkataba wa kazi na barua ya mwajiri inayoeleza kwamba kazi iko Svalbard, maana hata wenye madirisha ya viza si wote wanaoijua sheria hii.

5. Mwili

Anza na meno. Usicheke. Kwenye kituo cha mbali unaweza kukuta muuguzi mmoja na kabati la dawa, na hospitali ya Longyearbyen yenyewe ni ndogo. Ugonjwa mkubwa unapelekwa Tromsø kwa ndege, hali ya hewa ikiruhusu. Jino bovu ambalo Mtwara linauma usiku mmoja kwa mwezi, kwenye upepo wa barafu linauma kila ukifungua mdomo. Ziba, ng'oa, safisha, na pata barua ya daktari wa meno. Mwaka 1961 daktari wa Kirusi, Leonid Rogozov, akiwa kituoni Antaktika bila daktari mwenzake, alijipasua mwenyewe akatoa kidole tumbo chake. Alipona. Wanaoajiri watu wa vituo vya mbali wanaikumbuka hadithi hiyo, ndiyo maana fomu ya afya ina kurasa nyingi. Jibu kweli. Ukificha presha ukaanguka kule, ndege ya kukutoa inahatarisha na rubani.

La pili ni malaria, na hili hutalikuta kwenye miongozo ya Wazungu. Unaweza kuondoka Mtwara mzima, vimelea wakiwa tayari kwenye ini, ukaanza homa wiki mbili au hata mwezi baadaye, umezungukwa na barafu. Daktari wa kule akiona homa atafikiria mafua. Mwambie mwenyewe, kabla hajauliza: natoka ukanda wa malaria, nipime. Andika hivyo kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti. Pima siku chache kabla ya kuondoka, na wiki za mwisho usilale nje ya neti eti kuna joto.

Ngozi. Hewa ya kule ni kavu kama tanuri lililozimwa. Vidole vinapasuka, pua inatoa damu, midomo inachanika. Mafuta ya nazi niliyobeba yaligeuka mshumaa, nikawa nayakwangua kwa kijiko. Beba mafuta mazito ya mgando. Na usidhani weusi wetu unatosha: theluji inarudisha mwanga wa jua kutoka chini, unaungua mpaka chini ya kidevu, na macho yanaweza kuvimba usione kitu kwa siku nzima. Miwani myeusi ya kweli, ya kuzuia miale, si ile ya bodaboda.

6. Nguo, na siri ya mitumba

Kiangazi cha Ny-Ålesund si cha kutisha. Julai wastani ni nyuzi 5 au 6 hivi, juu ya sifuri, mvua nyepesi na upepo. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye nyuzi 30 ni kama kuishi ndani ya friji ya soda. Majira ya baridi ni habari nyingine, na kama ndiyo mara yako ya kwanza usianze na hayo.

Waajiri wengi hutoa nguo za nje: ovaroli nene, koti, buti. Wewe jitafutie za ndani. Fulana ya pamba iache nyumbani, maana ikilowa jasho haikauki, na unyevu ukipigwa na upepo unakunyonya joto. Inayofaa ni sufu. Na sufu iko Soko Kuu la Mtwara, kwenye mitumba! Belo likifunguliwa, watu wanagombania fulana na jinzi, sweta za sufu na makoti mazito yanabaki chini kwa sababu hayana mteja. Mimi nilinunua sweta mbili, suruali ya ndani ndefu na soksi za sufu jozi nne kwa bei ya shati moja la dukani. Soma kile kitambaa kidogo cha ndani: kama sufu ni zaidi ya nusu, chukua. Jaribu zipu mara kumi. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, zitasinyaa zikawa za mtoto.

Vaa tabaka tatu nyembamba kuliko moja nene, na buti ziwe kubwa kwa saizi moja ili vidole vicheze. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na mguu usiopata damu ndio unaogandishwa kwanza.

Nyama na maziwa usibebe, vinakamatwa ukiingia Ulaya. Korosho zilizokaangwa, zilizofungwa vizuri, hazikuniletea shida, na zilinipatia marafiki haraka kuliko Kiingereza changu.

7. Kuaga na kuondoka

Kwa Wamakonde safari kama hii mjomba haambiwi kwa simu. Nenda ukamwambie uso kwa uso, na umwachie mama au mke hela ya miezi miwili, kwa sababu mshahara wa kwanza unachelewa.

Kutoka Mtwara hadi Dar ondoka siku nne kabla ya ndege yako ya kimataifa. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara eneo la Somanga, watu wakalala njiani na mabasi yao. Ndege ya Mtwara ni ya haraka, lakini nayo inaahirishwa. Dar hadi Oslo utabadilisha ndege mahali kama Doha, Istanbul au Amsterdam. Oslo hadi Longyearbyen ni kama saa tatu. Kutoka hapo hadi Ny-Ålesund ni ndege ndogo, dakika 25 hivi, na mzigo unapimwa kwa kilo bila huruma. Ukungu ukishuka hairuki. Nilikaa Longyearbyen siku mbili nikisubiri, kwa hiyo uwe na pesa ya akiba na usijiahidi kuanza kazi kesho yake.

8. Ukishafika

Vua viatu mlangoni. Hiyo ni desturi yao tangu enzi za wachimba makaa, na mimi nilijisikia nimeingia nyumba ya Mikindani.

Zima simu. Ny-Ålesund kuna antena kubwa inayosikiliza mawimbi hafifu kutoka mbali sana angani ili kupima mwendo wa dunia, na Wi-Fi na Bluetooth haziruhusiwi kijijini, zinaivuruga. Intaneti ni ya waya. Spika na visikilizi visivyo na waya viache nyumbani, na uwaambie ndugu mapema kwamba kimya chako si msiba.

Nje ya kijiji usitoke peke yako wala bila ruhusa. Dubu mweupe si hadithi. Sheria inakutaka uwe na kifaa cha kumtishia, Gavana anashauri na silaha ya moto, na wanaobeba bunduki wanafundishwa kwanza. Tangu Januari 2025 huruhusiwi kumkaribia chini ya mita 300, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni ni mita 500. Milango ya majengo haifungwi kwa ufunguo ili mtu akikimbizwa aingie popote. Mimi dubu sikumwona. Walionishambulia ni ndege wadogo weupe wa jamii ya membe wanaotaga pembeni mwa njia, wanakudonoa utosini. Inua fimbo juu ya kichwa, wanapiga fimbo. Ndege hao kila mwaka huruka kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini na kurudi, kiangazi mpaka kiangazi, bila viza ya mara mbili.

Kazi yenyewe ya bomba ilinibidi niisahau na kuianza upya. Ardhi imeganda moja kwa moja, huwezi kuchimba mtaro ukafukia paipu. Mabomba yanapita juu ya ardhi ndani ya masanduku yenye kuhifadhi joto, maji yakisimama yanaganda, yakiganda yanapanuka, na paipu inapasuka kwa urefu kama muwa. Kosa dogo ambalo Mtwara lingetoa matone sakafuni, kule linafunga jengo zima. Uliza kabla hujakata maji popote. Chuma usikishike kwa mkono mtupu siku ya baridi kali. Simu ikitoka nje, iweke kwenye mfuko wa nailoni kabla hujaingia ndani, iache ipate joto taratibu, la sivyo inatoa jasho kwa ndani.

Halafu usingizi. Kuanzia Aprili hadi karibu mwisho wa Agosti jua halizami. Linazunguka tu angani kama mlinzi. Sisi tunasema Mtwara kuchele; kule kumekucha miezi minne mfululizo, na saa zetu za Kiswahili hazina pa kuanzia. Wiki ya kwanza nilikuwa naosha nguo saa nane usiku nikidhani ni alasiri. Beba kitambaa cheusi cha macho, ziba dirisha, lala kwa saa na si kwa jua. Waislamu, zungumza na shehe wako kabla ya safari kuhusu Magharibi na Isha mahali jua lisipozama. Wanazuoni wengi wanaruhusu kufuata saa za mji ulio karibu wenye usiku na mchana, au za Makka. Kibla ni kusini-mashariki. Kuhusu nyama, mwambie mpishi siku ya kwanza, samaki hawakosekani.

Wiki ya mwisho omba barua ya mwajiri inayotaja kazi ulizofanya na tarehe zake, kwa sababu msimu wa pili unapatikana kwa barua hiyo kirahisi kuliko wa kwanza. Rudisha nguo za kazi zikiwa safi, chukua hesabu ya kodi iliyokatwa, na hakikisha kuingia kwako mara ya pili kumeandikwa ukifika Oslo. Ukifika Mtwara usiku wa kwanza, hata kama umewakumbuka watu wa barazani namna gani, lala ndani ya neti.